Mtaa wa Wakulima Wasio na Shamba

Mwezi uliopita nilijaza fomu yangu ya mwisho ya serikali. Kurasa nne, picha mbili za pasipoti, na mahali fulani katika ukurasa wa tatu nikaulizwa: "Shughuli utakayofanya baada ya kustaafu." Mkono ukaandika wenyewe: mkulima. Mke wangu alikuwa nyuma yangu akichagua mchele. Alisoma juu ya bega langu, akacheka mpaka akalazimika kuweka ungo chini. "Shamba lako liko wapi, Maduhu? Au ni ule mchicha wa pale kwenye bomba?" Nikalikata lile neno kwa mstari mmoja. Katika watumishi wote waliowahi kustaafu hapa Bariadi, mimi ndiye niliyestahili kunyimwa ruhusa ya kuandika neno hilo, na sababu yake ndiyo ninayotaka kuwaandikia ninyi mnaobaki kazini.

Mliniaga vizuri, nawashukuru. Saa ya ukutani mliyonipa inafanya kazi, ingawa sijaelewa kwa nini mtu aliyeruhusiwa kuchelewa anapewa saa. Mkaniomba niandike "uzoefu wangu". Vyeo na mishahara sitaandika. Vyeo vyangu vilikuwa vichache, na mishahara mnaijua kwa kuwa mnailalamikia wenyewe. Nitaandika jinsi nilivyojifunza kuuliza swali moja tu. Ninyi mnatembea na vishikwambi, ukikosea kinapiga kelele na kukataa kwenda mbele. Sisi tulikuwa na karatasi, na karatasi hukubali chochote.

Nilifika Bariadi mwanzoni mwa miaka ya soko huria. Simiyu haikuwa mkoa bado, tulikuwa chini ya Shinyanga, na barua ya kutoka mkoani ilitufikia pembe zake zimelegea kama imekuja kwa miguu. Mimi nilitoka kwetu Mwandoya na sanduku la bati, suruali mbili, na imani kubwa kwamba naijua dunia. Kila kitu kilikuwa ruksa wakati ule. Mitumba ruksa, redio za betri ruksa, sabuni za kila rangi ruksa, na kupunguzwa kazini nako kukawa ruksa. Cheo changu kiliitwa mdadisi, yaani mtu wa kupita nyumba hadi nyumba na dodoso akiuliza watu mambo yao. Mtaani walituita watu wa karatasi, jina ambalo lilikuwa sahihi zaidi.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa Magunia. Jina hilo hamtalikuta kwenye ramani. Siku hizi pale pana maghala na fremu za kuuzia simu, lakini wakati ule palikuwa na vibanda vilivyosongamana nyuma ya kiwanda cha kuchambulia pamba, ambacho kila mtu alikiita jineri. Vibarua wa jineri walijenga kwa udongo, wakaziba matundu na kuzungushia uzio kwa magunia ya pamba yaliyochakaa. Kisha wanunuzi binafsi wakaingia na mizani yao na malori yao, pamba ikawa inapelekwa kwingine, na mashine za pale zikanyamaza. Vibarua wakabaki. Mtu hahami nyumba yake kwa kuwa mashine ya jirani imezimwa.

Mkubwa wetu wa kazi aliniita ofisini akanieleza. Eneo la jineri lilikuwa limepata mmiliki mpya, na Magunia ilikuwa ndani ya eneo hilo. Watu wangehamishwa. Kikao kilikuwa kimeamua kwamba kaya yenye shughuli ya kuipatia riziki hapa mjini itapewa kiwanja kilichopimwa ng'ambo ya mto, na kaya isiyo na shughuli mjini irudi kijijini kwake ikalime. "Kwa hiyo kaandike mtafutaji mkuu wa riziki wa kila kaya na kazi yake," akasema. "Naitaka kabla ya Alhamisi." Mimi nilisikia neno Alhamisi. Mengine yote yalipita juu ya kichwa.

Aliyetakiwa kunifundisha kazi, Mama Vero, alikuwa kwao Nassa kwenye msiba. Nikaona hakuna haja ya kumsubiri mtu wakati nina kalamu yangu.

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya Holo, bibi mmoja mfupi aliyeishi peke yake. Nilimkuta ametandaza vipande vya viazi vitamu juu ya bati vikauke, ile michembe yetu.

"Mwangaluka, mayu," nikamwamkia kwa Kisukuma, yaani habari za asubuhi, mama.

"Mwangaluka, baba. Karibu. Mtoto wa wapi wewe?"

"Wa Mwandoya."

"Aa! Kaka yangu yuko huko huko." Akafurahi kama nimemletea barua yake. Akaingia ndani akatoka na bakuli la michembe iliyochemshwa na karanga. Nikala kwa mkono mmoja na kuandika kwa mwingine.

"Kazi yako ni nini, mayu?"

"Mkulima, baba. Sisi wote hapa balimi."

Nikaandika: mkulima. Nyumba ya pili alikaa Masanja, mwanamume mrefu aliyekuwa amekaa mlangoni na viatu vyake vya tairi, zile katambuga. Yeye naye: mkulima. Wa tatu mkulima. Wa nne alikuwa amepanga mbele yake mafungu ya dagaa akifukuza nzi, akaniambia mkulima, nami nikaandika huku nikipiga nzi wale wale. Kufika wa tano nikagundua kwamba nateseka bure. Nikaanza kuweka vile vialama viwili vidogo vinavyomaanisha "kama hapo juu", nikateremka navyo ukurasa mzima. Wanawake wenye waume sikuwauliza kabisa. Niliandika "mama wa nyumbani" mmoja juu, na vialama vikateremka.

Wala sikuona ajabu. Nimekulia mahali ambapo kumuuliza mtu kama analima ni sawa na kumuuliza kama anaoga. Kwetu usukumani mkulima si kazi tu, ni heshima ya mtu. Asiyelima ni mvivu, na nani atasema mbele ya mgeni mwenye karatasi kwamba yeye ni mvivu? Hata hospitalini, hata polisi, hata mahakamani, kwenye mstari wa kazi mtu anasema mkulima na karani anaandika mkulima, na wote wawili wanaachana kwa amani. Kwa hiyo sikudanganywa na mtu. Nilijibiwa kwa adabu.

Siku mbili nikawa nimemaliza mtaa mzima. Jumatano mchana niliweka karatasi mezani kwa mkubwa, zimenyooka, hazina hata doa. Akanisifu mbele ya watu. Ijumaa orodha ikabandikwa ukutani kwa Mzee Luhende, balozi wa nyumba kumi, na pembeni mwa majina karibu yote pakaandikwa kwa wino mwekundu: kijijini.

Jumatatu Mama Vero akarudi. Alikuwa mama mnene, mtaratibu, mwenye baiskeli nyeusi ambayo hakuna aliyewahi kumwona akiipanda kwa haraka. Akachukua nakala ya karatasi zangu, akavaa miwani, akasoma ukurasa wa kwanza, akafunua wa pili, akafunua wa tatu. Nilisubiri sifa.

"Maduhu mdogo wangu, Magunia umefika kweli?"

"Nimefika, Mama Vero. Nyumba zote."

"Umeliona shamba?"

Nikazitazama karatasi zangu kama shamba limo humo.

"Watu wale hata choo wanachimba kwa zamu kwa kukosa nafasi. Hawa wakulima wako wanalima wapi, juu ya paa?" Akageuza karatasi kunionyesha vialama vyangu. "Na hivi vidudu vinavyotembea ni nini?"

"Ni 'kama hapo juu'."

"Hakuna mtu duniani aliye kama hapo juu," akasema, akavua miwani. Hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililoniumiza. Kisha akanieleza polepole jambo ambalo mkubwa alikuwa ameshanieleza, kwamba kwa neno lile moja nimeurudisha mtaa mzima vijijini, wengi wao kwa ndugu waliokwisha kugawana mashamba miaka mingi iliyopita. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na mitatu na sikuwahi kufikiri kwamba penseli yangu inaweza kumbomolea mtu nyumba.

Tukaingia kwa mkubwa pamoja. Alikunja uso. "Karatasi imeshakwenda kikaoni. Sasa niende niwaambie nini?"

"Waambie kijana wako alikuwa na haraka," akasema Mama Vero. "Wala hutakuwa umesema uongo."

Tukapewa hadi Jumamosi. Lakini kwa sharti: safari hii kila kaya iweke dole gumba mbele ya balozi, mwenyewe akiwapo, ili kikao kisichezewe mara ya pili.

Sasa ndiyo nikaanza kazi. Yale ya wiki iliyotangulia mnaweza kuyaita matembezi.

Jambo la kwanza, Mama Vero alininyang'anya raba. Akasema mtu akibadili jibu, likate la kwanza kwa mstari mmoja ili libaki linasomeka, kwa sababu jibu la kwanza nalo lina habari yake. La pili, akanifungia kigoda nyuma ya baiskeli. Nikadhani ni kwa ajili ya uchovu wake. Kumbe ukifika kwa mtu asiye na kiti, atamtuma mtoto akaazime kwa jirani, na kiti kitakuja na jirani mwenyewe, na mbele ya jirani hutapata ukweli wowote. Njoo na kigoda chako, kaa chini kuliko mwenyeji, salimia mpaka salamu ziishe. Penseli ifunge kwa uzi shingoni. Karatasi ziweke kwenye mfuko wa nailoni wa mbolea, uliooshwa. Na kabla hujaondoka, msomee mtu kwa sauti kila ulichoandika, aisikie nyumba yake ilivyo, ndipo aweke dole. Hilo la kusoma ndilo nililoliruka mara ya kwanza. Ningewasomea "kama hapo juu, kama hapo juu", si wangenipiga mawe?

La mwisho lilikuwa swali lenyewe. "Usimuulize mtu kazi," akaniambia tukiwa njiani. "Kazi ina aibu na ina majivuno. Uliza chungu. Jana jioni mlikula nini? Kilitoka wapi? Nani alikileta? Chungu hakina makuu."

Basi tukauliza vyungu. Na Magunia ikafunguka! Mwenye dagaa alikuwa anazifuata Nassa, ziwani, kwa baiskeli kila wiki na kurudi nazo hadi minadani. Mmoja alikodisha pampu ya baiskeli njia panda, hana baiskeli. Mama mmoja aliponda kokoto. Mwingine alikuwa akigeuza kola za mashati ya mitumba, upande uliochakaa unaingia ndani, shati linarudi ujana. Kulikuwa na baba aliyeuza mashudu ya kulishia ng'ombe, na mzee aliyeishi kwa kuwashikia watu nafasi kwenye foleni ya mizani ya pamba, nao wakienda kunywa chai yeye anasimama badala yao. Kulikuwa pia na mama aliyetuambia kwamba yeye hapiki chochote, wakati mitungi yake ilikuwa inapumua nyuma ya pazia. "Andika biashara ya vinywaji," Mama Vero akanong'ona. "Dodoso halijauliza ni vya rangi gani." Jioni ya siku ya kwanza kidole kiliniuma kwa kuandika, na nilikuwa nimefanya nyumba sita.

Nyumba ya Holo tuliikuta tupu. Mafiga matatu, na alama ya pembe nne kwenye vumbi pale bati lilipokuwa. Jirani akatuambia kwamba Ijumaa Holo alisomewa orodha, akauliza mara moja tu, "Wamesema kijijini?", wakamwambia ndiyo. Jumapili alipata nafasi juu ya lori la mbegu za pamba, akaenda kwa kaka yake upande wa Mwandoya, na bati lake kichwani. Mwana wa watu hakugombana na karatasi. Nilimwomba Mama Vero nimwandike hivyo hivyo, muuza michembe, na sote tunajua. Akatikisa kichwa. Dole gumba lilikuwa Mwandoya, na Jumamosi ilikuwa siku nne mbele. Aliniacha nisimame pale kidogo, kisha akasema twende nyumba ya pili.

Nyumba ya pili, kama mnavyokumbuka, ilikuwa ya Masanja. Yeye hakuwapo mlangoni. Mkewe Minza, ambaye kwa ajili ya watoto wake mapacha kila mtu alimwita Mama Kulwa, alitupokea uani.

"Jana jioni mlikula nini, Mama Kulwa?"

"Ugali na mlenda."

"Unga ulitoka wapi?"

"Dukani."

"Nani aliununua?"

Akatazama mlango. Ulikuwa umefungwa, na nyuma yake kulisikika kitu kinapigwa: pu, pu, pu. Kikanyamaza. Mlango ukafunguka nusu, Masanja akatoka, akaufunga upesi nyuma yake, akakaa pale pale pa siku ile, akanyoosha miguu na kusema, "Mimi leo nimepumzika tu." Nyusi zake zilikuwa nyeupe kwa pamba. Kope pia. Alionekana kama mtu aliyezeeka kwa dakika tano.

Nilitaka kucheka. Mama Vero akanikanyaga.

Minza alitusindikiza hadi nje ya uzio, na huko ndiko alikotueleza. Jineri iliponyamaza aliachiwa na mlinzi aokote nyuzi zilizobaki, zile zilizonasa kwenye waya na zilizorundikana kwenye vumbi nyuma ya mashine. Alizichagua, akaziosha, akashona magodoro na mito kwa shazia, ile sindano kubwa ya magunia. Nusu ya wageni waliolala gesti za Bariadi mwaka ule walilala juu ya kazi yake. Masanja alikuwa kibarua wa jineri miaka tisa na hakuna aliyejua pamba kama yeye. Kwa hiyo yeye ndiye aliyezipiga zile nyuzi kwa fimbo mbili mpaka zikafumuka zikawa laini, lakini ndani, mlango umefungwa, mtaa usijue kwamba anamfanyia kazi mkewe.

"Basi mambo mepesi," nikasema. "Mtafutaji mkuu wa riziki ni wewe, kazi ni fundi magodoro. Mmepata kiwanja."

"Yaya!" akasema kwa Kisukuma, yaani hapana, na akanishika mkono wa penseli. "Mwanangu, utasoma mbele ya balozi. Ukisoma jina langu pale juu, yule atahama nyumba hii kabla serikali haijatuhamisha. Namjua. Andika yeye."

"Nikiandika yeye, kazi gani?"

Machozi yakamlengalenga. "Andika mkulima," akasema, na alijua kabisa neno hilo linampeleka wapi. Ilibidi achague kati ya mume na kiwanja, nami nilikuwa nimeshika penseli kama mjinga.

Njiani nilimuuliza Mama Vero tufanye nini. Akasema hatuwezi kumwandikia mtu uongo ili kumfurahisha, wala kumwandikia ukweli ili kumvunja. "Mstari uache wazi. Siku ya kusoma utauliza kwa sauti, na mwenye nyumba atajibu mwenyewe." Usiku ule sikupata usingizi mzuri, na msidhani ni kwa sababu ya godoro.

Jumamosi watu walijaa kwa Mzee Luhende, maana kusikiliza nyumba za wengine zikisomwa ilikuwa burudani kuliko redio. Mzee alikaa na kidau cha wino miguuni. Nikasoma. Watu wakapiga makofi kwa mwenye foleni, wakamgunia mwenye vinywaji, wakaweka dole. Nikafika kwa Masanja. Alisimama nyuma kabisa, mkewe mbele na wale mapacha, kichwa chini.

"Kaya ya Masanja," nikasoma. "Jana jioni walikula ugali na mlenda. Unga ulitoka dukani. Shughuli ya kaya: kutengeneza magodoro ya pamba. Mtafutaji mkuu wa riziki..." Nikainua kichwa. "Mstari huu uko wazi. Niandike nani?"

Mtaa mzima ukageuka kumtazama Masanja. Mtu mmoja akakohoa. Mzee Luhende, ambaye nadhani alikuwa akilisikia pu pu pu lile tangu mwaka uliotangulia, akashughulika na kidau chake.

"Ngosha," akamwita Masanja, yaani mwanamume, bila kuinua macho, "mtoto wa watu anasubiri."

Masanja akatoka nyuma, akapita katikati ya watu na katambuga zake zikilia, akasimama mbele yangu. Nilidhani atanipiga. Akatazama karatasi, ambayo hakuweza kuisoma, kisha akamtazama mkewe.

"Jineri nilikuwa nani?" akaniuliza.

"Kibarua, baba."

"Nani alinipa kazi?"

"Jineri."

"Basi jineri imehamia kwangu. Andika huyu juu." Akamwonyesha Minza kwa kidevu. "Na chini yake andika Masanja, kibarua. Wa nani? Wa Mama Kulwa. Na uandike mwajiri wangu anachelewesha chakula cha mchana!"

Watu walicheka mpaka kidau kikamwagika. Minza alicheka na kulia kwa pamoja, akajifunika uso kwa kanga. Masanja aliweka dole gumba kwa nguvu hata karatasi ikatoboka, na tundu lile lipo hadi leo kwenye jalada. Wiki iliyofuata alikuwa anapiga pamba nje, mchana kweupe, na kuwafokea watoto waliokanyaga. Kiwanja chao kiko ng'ambo ya mto, pale penye mti wa mwarobaini. Pacha mmoja ndiye anayeendesha duka la magodoro sasa, ingawa siku hizi ni ya sponji.

Kaya nyingi za Magunia zilipata viwanja kwa karatasi ile ya pili. Nimefanya madodoso mengi baada ya hapo, ya Binza, ya Maswa, ya vijiji ambako tulivuka mito na baiskeli mabegani, na kila mara nilianza na chungu. Na fomu yangu ya kustaafu niliirudisha na neno "mkulima" limekatwa kwa mstari mmoja, linasomeka. Juu yake nimeandika: kibarua wa mke wangu, mfuga kuku. Karani aliipokea bila kuisoma.

Nimemwacha Holo mwisho kwa sababu kila nilipofika kwake nilitafuta la kuchekesha kwingine.

Nilipopata likizo yangu ya kwanza nilikwenda nyumbani Mwandoya, nikaazima baiskeli ya baba, nikamtafuta. Ilinichukua asubuhi nzima. Nilimkuta katika shamba la kaka yake, katikati ya mistari ya pamba, kanga kiunoni, ameegemea jembe refu kuliko yeye. Alipotambua ni nani alifurahi kama siku ile.

"Mtoto wa karatasi! Mwangaluka, baba."

Alinikalisha kwenye kivuli cha ghala, akaniletea michembe na karanga. Sikuweza kula. Nilimweleza kila kitu, kwamba ilikuwa wiki moja tu, kwamba wenzake wamepata viwanja, kwamba kosa lilikuwa langu kwa sababu niliandika mkulima wakati michembe yenyewe nilikuwa nimeishika mkononi. Nikamwambia viwanja vimekwisha. Nikamwomba radhi, nikalia mbele yake bila kuona haya.

Holo alinisikiliza mpaka mwisho. Akanisogezea bakuli.

"Kula, baba, usihangaike," akasema. "Siku ile ulipoandika ulikuwa uongo. Sasa si uongo tena."

Akanifungulia viganja vyake niangalie.